Kamera namba 12

Marehemu babu alipiga watu picha za paspoti Tanga mpaka macho yakamgomea. Mwaka jana mjomba akanikabidhi kamera yake: sanduku la mbao lenye vyuma vya shaba na mfuko wa ngozi nyekundu unaovutika kama kodiani. Jina la kiwanda hakuna. Niligeuza juu chini, chini juu, patupu.

Basi nikajitia upelelezi. Nikapima kile kioo cha ukungu cha nyuma kwa rula ya mtoto: sentimita 16.5 kwa 12. Ningekuwa na akili ningeishia hapo, maana hicho ni kipimo cha Kiingereza, inchi 6½ kwa 4¾. Wajerumani na Wafaransa walizoea 13 kwa 18. Halafu Uingereza mafundi wengi waliunda kamera bila jina, mwenye duka abandike kibao chake. Kibao kikidondoka, ndiyo basi tena.

Lakini mimi nilitaka jina. Nikalipata: chini ya ubao wa nyuma kumechongwa J.M. 12.

Ya kumi na mbili kutoka kiwandani! Usiku ule niliiuza kichwani, nikanunua kiwanja Raskazone, chenji ikatosha bati.

Kesho yake jioni nikaitegesha mbele ya baraza, pale Ngamiani, nikawahutubia wazee huku nagonga ule ubao wa nyuma: "Huu mkangazi, wazee wangu. Umekuja na meli!" Kisha nikajifunika kaniki ya bibi niwaonyeshe inavyofanya kazi.

Ndani ya kaniki dunia imepinduka. Wazee wananing'inia kama popo, na kulia kumekuwa kushoto. Muuza kahawa akaingia, kichwa chini miguu juu, dele halimwagiki hata tone. Nikacheka peke yangu mle gizani. Akazidi kusogea, akapotelea ukingo wa kulia wa kioo. Nikaona nimpishe, nikaruka kushoto.

Sasa, anayeonekana kulia kwenye kioo kile, yeye yuko kushoto. Nilimkumbatia mzima mzima, yeye na dele na vikombe na jiko la mkaa. Kahawa ikanishukia gotini, kaa moja likadaka kaniki. Bibi akatoka ndani mbio.

"Uuuwi! Kaniki yangu!"

Goti langu hakuliuliza.

Wazee walicheka mpaka wakachoka, na hawakuwa na haraka ya kuchoka. Mmoja akaomba aione hiyo namba. Akavaa miwani, akapitisha kidole.

"Mjukuu wangu, huyu ni fundi seremala wa barabara ya kumi na mbili. Ubao wa nyuma uliliwa na mchwa, babu yako akampelekea amuwekee mwingine." Akaugonga kwa ukucha. "Na mkangazi gani huu? Mvule mtupu. Umekuja na mkokoteni."

"Tena hela ya fundi," akadakia mwenzake, "babu yako hakuimaliza."

Bibi ghafla akawa na shughuli kubwa ya kukung'uta kaniki.

Mjukuu wa fundi yupo, wakaniambia, nyumba ile ile, nikamwone. Muuza kahawa alikuwa chini anaokota vigae. Akanyanyua uso.

"Wa fundi asubiri foleni. Vikombe saba na dele limepinda. Deni langu mimi bado la moto."