Nani Alizaa Spishi Mpya?

Jana usiku jamaa mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp katupa hoja ya kumaliza ubishi kuhusu mageuko ya viumbe: "Kama spishi mpya zinatokea, nitajieni mnyama mmoja tu aliyezaa mnyama wa spishi nyingine." Akamiminiwa vidole gumba. Nikaandika jibu, nikafuta, nikaandika tena, mwisho nikazima simu. Sasa nalimwaga hapa.

Hayupo. (Karibu hayupo, nitafika huko.) Paka angezaa mbwa, biolojia ndiyo ingekuwa mashakani.

Kiswahili na Kingazija ni ndugu, vimetoka kwenye lugha moja ya zamani. Haya, nitajieni mama aliyebembeleza mtoto kwa lugha ile ya zamani, mtoto akamjibu kwa Kiswahili. Kila mtoto alielewana na mamake, kizazi baada ya kizazi. Ila bahari ilikaa katikati, matamshi yakasogea huku na kule, hadi wajukuu wa pande mbili walipokutana wakahitaji mkalimani. Spishi nazo hivyo hivyo. Uzi haukatiki kati ya mzazi na mwana, hukatika kati ya binamu na binamu.

Halafu likaja la nyumbu, kama kawaida: eti spishi mbili zikichanganyika huzaa tasa. Nasema nyumbu mtoto wa farasi na punda, si yule anayevuka Mto Mara. Farasi ana kromosomu (vifurushi vya urithi ndani ya seli) 64, punda 62, mtoto anabaki na 63 zisizopangika jozi sawasawa, ndiyo maana karibu wote ni tasa. Sawa. Lakini nani alisema mpaka wa spishi lazima uwe utasa? Mara nyingi unaanza mapema zaidi: nani anamtaka nani, wanakutana wapi, msimu gani.

Watazameni furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Ziwa lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, na tangu lijae tena wamechipuka humo spishi zipatazo 500. Chukueni wawili kati yao, wa jenasi (kundi la spishi ndugu) ya Pundamilia, naam, ndilo jina lao la kisayansi. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, kana kwamba mara moja haikutosha. Mwingine ni Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Dume la kwanza ni la buluu na hukaa karibu na uso wa maji. La pili lina wekundu na hukaa chini zaidi, ambako mwanga wa buluu haufiki vizuri. Ukiwachanganya kwenye tangi wanazaa watoto wazima, wenye uwezo wa kuzaa. Ziwani, penye maji maangavu, hawachanganyiki, kwa sababu jike huchagua rangi. Ukuta wote ni huo.

Mwaka 1997 mwanabiolojia Ole Seehausen na wenzake walionyesha kinachotokea rangi isipoonekana. Chini ya taa ya rangi ya chungwa, majike waliacha kubagua. Na kule ziwani, penye maji yaliyochafuka kwa rutuba inayosombwa kutoka nchi kavu, spishi zinayeyukiana. Hilo linaniuma kuliko ubishi wowote wa kundini. Tumezoea spishi ipotee kwa kuuawa, tuhesabu mizoga. Hapa hakuna mzoga. Samaki wamejaa, wanazaa, na spishi imekwisha.

Haya, nakubali shingo upande: mimea inaruka hatua. Magugu ya Tragopogon yaliyopelekwa Marekani kutoka Ulaya yalizaa machotara katika karne ya 20, kromosomu zikajirudufu, na spishi mpya zikasimama papo hapo. Lakini jamaa kauliza mnyama. Na yupo chura wa mitini wa Amerika Kaskazini mwenye seti nne za kromosomu badala ya mbili, aliyetokea kwa mruko kama huo. Namtaja mwenyewe kabla hamjanirushia.

Bakteria siwagusi.

Asubuhi nimemtumia jamaa picha ya madume wale wawili, mwekundu na wa buluu, bila maelezo. Kaniuliza kama wanaliwa.