Nyundo ya kienyeji: achana na kilo, hangaikia mpini

Sisi tuliokulia mtaani gym yetu tunaijua, makopo mawili ya maziwa yamejazwa zege, bomba katikati, kazi inaanza. Sasa nilipohamia Scotland nikaenda kuona michezo yao ya jadi ya Highland pale kijiji cha Braemar, ile ya Jumamosi ya kwanza ya Septemba, nikakuta majamaa wamevaa kilti, zile sketi zao za kiume, wanarusha nyundo, nikasema aaah hii natengeneza mwenyewe, ya kununua ya nini na bei zenyewe zile.

Msichanganye na nyundo ya Olimpiki yenye waya ambayo mtu anazunguka nayo kwenye duara. Hii ina mpini kabisa, urefu kama sentimita 127, na mrushaji anaupa uwanja mgongo, miguu imeganda pale pale, tena buti zao zina vyuma kama visu vinatokeza mbele ya vidole vinazama kwenye udongo. Anaizungusha juu ya kichwa mara kadhaa halafu anaiachia nyuma juu ya bega. Wanaume wanarusha ya ratili 16 na ya 22, hiyo ya pili ni kama kilo 10.

Mi bila aibu nikaenda moja kwa moja kwenye kilo 10. Kopo la rangi, zege, mpini wa koleo bovu, nikapima kwenye mizani ya bafuni, safi. Mzunguko wa tatu zege likapasuka, kichwa kikaenda zake mpaka kwenye michongoma ya jirani, mi nimebaki na kijiti mkononi kama mwalimu wa zamu.

Na hata kisingepasuka ilikuwa kazi bure, ndo ninachotaka kusema leo. Wanaotengeneza nyundo nyumbani wengi wanashindania uzito, wakati kinachosumbua pale ni mzunguko, mikono inatakiwa inyooke kama kamba na mwili uegemee upande wa pili kuibalansi nyundo. Ikiwa nzito kuliko wewe utakunja viwiko uivute, na ukishakunja viwiko basi, hiyo sio nyundo tena unapigana na kopo.

Siku hizi natumia bomba la plastiki lile gumu la mafundi bomba, urefu ule ule wa sentimita 127, kichwa cha kilo 3 tu na bolti imepita katikati ikatokea upande wa pili (gundi peke yake msiiamini jamani), naikagua kila mara kabla ya kurusha, na simruhusu mtu kukaa hata pembeni maana ukiiachia mapema inaenda popote. Miguuni njumu za mpira, zinatosha.

Tundu kwenye michongoma bado lipo. Jirani akiniona tu natoka na bomba anaingiza gari lake ndani.