Mashindano ya wasichana Sokoine: wageni wa mbali, majirani wa karibu

Kila timu ya wasichana ya taifa inaporudi na kombe, vijiwe vya Mbeya huuliza swali lilelile: kwa nini mashindano ya wasichana ya ukanda hayaletwi hapa, Uwanja wa Sokoine? Wana haki ya kuuliza. Mwaka 2019 Tanzanite, mabinti wa chini ya miaka 20, walikwenda Port Elizabeth kama waalikwa wa COSAFA, shirikisho la soka la kusini mwa Afrika, wakaifunga Zambia 2-1 kwenye fainali. Mwaka 2022 Serengeti Girls, wa chini ya miaka 17, chini ya kocha Bakari Shime waliilaza Ufaransa 2-1 kule India na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la rika lao. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini yote hayo tuliyaona kwenye runinga. CHAN ya Agosti 2025, ya wachezaji wa ligi za ndani ya Afrika, nayo kwa upande wetu ilipigwa Dar na Zanzibar, na kwa ajili ya AFCON 2027 uwanja mpya unajengwa Arusha. Sokoine unajaa Simba au Yanga wakija, basi.

Wanaoyataka mashindano wanasema binti wa Uyole akimwona wa rika lake anapigiwa wimbo wa taifa, tena mahali anapofika kwa nauli ya daladala, hata baba yake atalegeza kamba. Hilo sibishani nalo. Hali ya hewa pia si kisingizio: Juni na Julai hakuna mvua, ni baridi tu, na sweta zinauzwa mpaka stendi.

Tatizo ni ramani. Tanzania ni mwanachama wa CECAFA, shirikisho la soka la Afrika Mashariki na Kati, pamoja na Uganda, Kenya, Ethiopia, Rwanda na Burundi. Nyingi ya timu hizo zitatua Dar, kisha zitafute ndege nyingine ya Songwe au zikae kwenye basi zaidi ya kilomita 800. Mashindano ya rika hili hayana viingilio vya kurudisha gharama, na hata Uganda waliyapeleka Njeru, kwenye kituo chao cha ufundi, 2019 na tena 2021. Majirani zetu hasa, Zambia kwa Tunduma na Malawi kwa Kasumulu, wako kama kilomita 100 kila upande, lakini wao ni COSAFA, na huko sisi ni wageni. Mgeni hapangi karamu ifanyike kwake.

Wanaopinga wana hoja nyingine, na hii ndiyo inayoniumiza. Jioni moja niliangalia wasichana wakicheza kwenye uwanja wa vumbi huku Uyole. Mwalimu alipofanya mabadiliko, aliyetoka aliketi chini, akavua daluga, akampa anayeingia. Za mwenzake zilikuwa kubwa, kwa hiyo alizungusha kamba mara mbili chini ya soli ndipo akakimbia. Aliyetoka alibaki pekupeku pembeni, akipiga kelele za kuelekeza. Wiki mbili za wageni Sokoine hazitamwachia daluga. Wengi wa hawa huonekana mara moja kwa mwaka, kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Iringa walau walipata timu ya Ceasiaa Queens iliyofika Ligi Kuu ya Wanawake, binti wa Mafinga akajua kuna pa kwenda.

Na kuna shule. Kombe la Dunia la India lilichezwa Oktoba, mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Mzazi anayekataa mtoto asiende kambini tunamwita mshamba. Mimi simwiti hivyo mpaka nione mwalimu wa hesabu kambini.

Kwa hiyo mashindano makubwa yakija, nitakuwa jukwaani. Ila nguvu ya kuyaomba ningeipeleka kwanza kwenye mechi za kirafiki ng'ambo ya Kasumulu. Wanasoka ndugu Tabitha na Temwa Chawinga walikulia Rumphi, kaskazini mwa Malawi, ambako kutoka Mbeya ni karibu kuliko Dar. Temwa alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya wanawake ya Marekani mwaka 2024. Mabinti wanaokulia upande ule ndio kipimo tunachokihitaji, na kinafikika kwa basi moja: kuondoka Mbeya alfajiri, mechi mchana, kulala, mechi ya pili, kurudi kabla ya Jumatatu. Kinachotakiwa ni barua za wazazi, hati za kusafiria za watoto, mwalimu wa kike ndani ya basi, na daluga za kutosha watu kumi na wanane.