YB-40: Mlinzi Aliyezidiwa na Mzigo Wake

Mwanzoni mwa 1943, ndege za Marekani aina ya B-17 zilikuwa zikiruka mchana kweupe kutoka Uingereza kwenda kupiga mabomu viwanda na bandari zilizokuwa mikononi mwa Wajerumani, na katika safari za mbali ndege ndogo za kuzisindikiza zililazimika kugeuza njiani kwa sababu mafuta yake hayakutosha. Kuanzia hapo, watu kumi waliokuwa ndani ya kila B-17 walibaki na bunduki zao tu. Wajerumani nao walikuwa wamekwisha kugundua kwamba ukiishambulia ndege hiyo uso kwa uso, unakutana na upande wake ulio dhaifu kuliko zote.

YB-40 ilibuniwa kujibu shida hiyo. Ilikuwa B-17 ile ile, ila badala ya mabomu ilibebeshwa risasi zaidi ya 10,000, ikaongezewa kibanda cha pili cha bunduki mgongoni, bunduki pacha kila ubavu, na chini ya pua kibanda kidogo chenye bunduki mbili, ambacho mpigaji alikizungusha kwa mbali akiwa ameketi ndani ya ndege. Kwa kawaida ilikuwa na rashasha 14 za milimita 12.7. Wanaoiita wazo la kipuuzi hawawatendei haki waliolibuni, kwani wakati huo hapakuwa na ndege ndogo ya kivita iliyoweza kufika ndani kabisa ya Ujerumani na kurudi, na kusubiri kulimaanisha kuendelea kuzika vijana.

Hata hivyo, hesabu ya uzito haikuwa na huruma. B-17 ya kawaida ilipanda hadi karibu mita 6,000 kwa dakika 25. YB-40 ilihitaji dakika 48. Kibaya zaidi kilitokea wakati wa kurudi. Ndege za mabomu zikishaangusha mzigo wake zilikuwa nyepesi na kuongeza mwendo, ilhali mlinzi wao alibaki na vyuma vyake vyote na sehemu kubwa ya risasi zake, akaachwa nyuma, na katika msafara ule aliyeachwa nyuma ndiye aliyekuwa windo la kwanza. Kosa hilo lisingeondolewa kwa kuongeza idadi ya ndege, maana lilikuwamo katika kazi yenyewe waliyopewa.

Safari ya kwanza ilikuwa Saint-Nazaire, bandari ya Ufaransa, tarehe 29 Mei 1943. Katika miezi michache ya vita YB-40 zilihesabiwa kuangusha ndege tano za adui, na YB-40 moja ilipotea katika shambulio la Hüls, Ujerumani, tarehe 22 Juni. Inaweza kudaiwa kwamba jaribio lilikuwa fupi mno kutolewa hukumu, na kwa takwimu peke yake hoja hiyo ina uzito. Mimi naona mwendo ulitosha kuihukumu: mlinzi asiyeweza kwenda sambamba na anaowalinda hawafai, hata awe na silaha kiasi gani. Ulinzi uliohitajika ulikuwa wa ndege iliyo huru kuacha msafara na kumfuata adui alikotoka, na huo ulikuja na P-51, ndege ndogo ya kivita iliyoweza kwenda mbali, kuanzia Desemba 1943.

Lakini kile kibanda cha chini ya pua hakikutupwa. Kiliingizwa katika muundo wa B-17G, toleo la baadaye la B-17, na ndege zaidi ya 8,600 za aina hiyo ziliundwa.