Nilivyokwenda kuwinda elki nikinuka harusi

Ghalani ninakofanya kazi, hapa Aurora, Colorado, Oktoba ikiingia hakuna mazungumzo mengine ila elki. Nani kapata leseni, nani kaona nyayo, friza ya nani imejaa. Miaka minne nilikuwa nakula chapati zangu pembeni, kimya, hadi siku jamaa mmoja aliponigeukia: "Wewe si umetoka Tanzania? Kwako hii si kazi, bwana."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Ningemwambia kwamba nimezaliwa Ngamiani, Tanga, na mnyama mkubwa kuliko wote niliyewahi kumfukuza kwa miguu yangu ni jogoo wa Idi, na jogoo huyo alinishinda, akakamatwa na dada yangu. Badala yake nikatabasamu kama mtu aliyelelewa na simba. "Kawaida tu," nikasema. Kufika jioni ghala zima lilikuwa linajua kwamba mwaka huu Mtanzania anakwenda milimani, tena peke yake. Hilo la "peke yake" sijui lilitoka wapi. Nadhani lilitoka kinywani mwangu.

Kwa msiomjua, elki ni ayala wa Amerika Kaskazini, jamaa ya yule anayeimbwa kanisani, ambaye sisi sote, wa kanisani na wa madrasa, hatujapata kumwona. Dume anafika kilo 300 na ushei, mwili wa tandala mkubwa, na pembe zenye matawi kama mbuyu wa kiangazi. Jina lake jingine ni wapiti, neno la Washawnee, maana yake mwenye matako meupe. Mwanzoni nilishangaa kwa nini watu waliokaa naye karne zote hizo wamkumbuke kwa sehemu hiyo.

Maandalizi yakaanza darasani. Colorado, kama umezaliwa mwaka 1949 au baada ya hapo, kwa kawaida huuziwi leseni bila cheti cha kozi ya usalama wa uwindaji. Mtoto wa miaka 12 anaruhusiwa kuwinda mnyama mkubwa, kwa hiyo nilisoma na watoto. Nyuma yangu alikaa binti mwenye vyuma vya meno. Tulipopewa bunduki za mazoezi alinigusa bega, akaniambia kwa adabu zote kwamba mdomo wa bunduki yangu umemwelekea babu yake. Nilifaulu. Yeye alipata alama zote.

Pale nikajifunza sheria mbili zitakazonitesa baadaye. Ya kwanza: katika eneo nililokuwa naenda, dume halali ni yule mwenye ncha nne au zaidi kwenye pembe moja, au ncha ya usoni yenye urefu wa inchi tano. Chini ya hapo, mwache akue. Nikakariri: moja, mbili, tatu, nne. Mtihani gani huo?

Ya pili ni ya mavazi. Msimu wa bunduki lazima uvae rangi ya machungwa inayowaka, inchi za mraba 500 kutoka kiunoni kwenda juu, na kofia ya rangi hiyo hiyo, wawindaji wenzio wasije wakakudhani mboga. Tangu 2016 sheria inakubali pia rangi ya waridi inayowaka. Dukani vizibao vya machungwa vya saizi yangu vilikuwa vimekwisha. Vya waridi vilikuwa nusu bei. Elki mwenyewe rangi hizo hazitofautishi vizuri. Nikaona kizibao ni kizibao.

Kisha mazoezi. Ukimwangusha dume wa kilo 300 ukiwa peke yako, nyama hiyo unaibeba mwenyewe mgongoni, safari tatu au nne hadi kwenye gari. Nikatia gunia la mchele la kilo 20 ndani ya begi, nikawa napanda na kushuka ngazi za jengo letu kila alfajiri. Ghorofa ya pili anakaa mzee wa Kikongo, mpole sana, ambaye saa hizo huwa kibarazani na chai yake. Siku ya kwanza akaniuliza, "Papa, uko nahama?" Nikacheka, nikapita. Siku ya nne akanisimamisha tena: "Haujamaliza kuhama?" Nilikuwa sina pumzi ya kumweleza.

Mama watoto hakunikataza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na huko porini unakwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Kwani umegombana na watu?"

Tukakubaliana kwamba nitabeba kile kifaa cha setilaiti kinachotuma ujumbe mahali pasipo mtandao, na kila jioni nimwandikie. Nyama yenyewe alikuwa ameshaigawa. Mguu mmoja wa dadake, mmoja wa pilau ya jumuiya.

Sasa lile la mkojo. Elki macho anayo, masikio anayo, lakini anaishi kwa pua. Muuzaji mmoja akanishauri nichukue kichupa cha mkojo wa elki jike: unadondosha kwenye viatu, harufu ya binadamu inafunikwa. Nikakitia mfukoni mwa jaketi la kuwindia, nikalitundika kabatini. Kifuniko nilikikaza, naapa. Siku tatu nyumba ilinuka namna ambayo tulimwita fundi wa mabomba. Alipomaliza kufungua kila kitu na kufunga, akasema mabomba mazima. Ni mama watoto aliyeifuata harufu hadi kabatini, hadi kwenye jaketi, lililokuwa bega kwa bega na buibui lake jipya.

"Hiki nini?"

"Mkojo."

"Wa nani?"

"Wa elki. Jike."

"Ameukojolea wapi, humu?"

"Nimenunua."

Alirudia hilo neno mara mbili, polepole, kama anayejifunza lugha. "Umenunua. Kwa dola."

Nikazifua nguo zote za safari kwa sabuni isiyo na harufu, nikazianika roshani siku mbili usiku na mchana, nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki mzito na kuutia kwenye boksi. Nikamweleza, na hapa ninakiri labda nilieleza nikiwa nafunga viatu vya kazi, kwamba nguo hizi harufu ndiyo adui yake mkubwa. Nikaenda zamu ya usiku. Asubuhi nikapakia boksi, nikaondoka.

Barabara inapanda magharibi hadi handaki la Eisenhower, karibu mita 3,400 juu ya bahari, na mtu wa Tanga anaanza kusikia kichwa kikimgonga kwa ndani. Nikaendelea hadi msitu wa taifa wa White River, upande wa Flat Tops. Nikaacha gari, nikatembea saa tatu na mzigo, nikapiga hema kwenye mita kama 3,000. Hapo uko juu kuliko Mandara, kile kituo cha kwanza cha kulala wapandao Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Nilikuwa peke yangu kweli. Kimya cha kule unakisikia mwenyewe. Nikawasha taa ya kichwani, nikakata mkanda wa ule mfuko ili niandae nguo za asubuhi.

Udi.

Si udi wa kubahatisha. Ule wa kupikwa, wenye sukari, sandali na ambari, unaofukizwa kwenye chetezo huku nguo imefunikwa juu yake hadi moshi uingie kwenye nyuzi. Hema lilikuwa limefungwa zipu. Nilifumba macho nikajiona nimekaa ukumbini, mashangazi wanapita na sinia za kalmati.

Nikaandika: "Nguo umezifanya nini?"

Setilaiti ina subira yake. Baada ya dakika kumi kifaa kikalia: "Nimezifua tena kwa sabuni yangu na kuzifukiza. Kengele ya moshi imelia mara mbili. Ulitaka uende kwa watu unanuka mkojo, waseme huna mke?"

Kabla sijajibu ukaja wa pili: "Vaa kofia."

Usiku ule nilizitoa nje nguo, nikazipiga kwenye mti. Nikazisugua kwa majani ya msonobari. Nikazipaka udongo. Udi wa mama mkwe hauondolewi na msonobari. Kilichotokea ni kwamba harusi imehamia msituni. Nguo nyingine sikuwa nazo, na baridi ilikuwa ya kugandisha chupa ya maji ndani ya hema. Alfajiri nikatayamamu, nikaswali, nikavaa. Kizibao cha waridi juu yake. Nilikuwa nimebakiza hina tu.

Hata hivyo nilikuwa na hesabu zangu. Milimani, kabla ya jua, hewa baridi hushuka bondeni kama maji. Ukikaa chini ya mnyama, harufu yako inakwenda mbali naye. Jua likishapiga mteremko, hewa inapata moto, inageuka, inapanda. Nikajificha chini ya uwanda mmoja wa nyasi, nikatoa kichupa cha unga wa ngano, nikapuliza kidogo. Unga ukateremka nyuma yangu, taratibu, mzuri. Nikamshukuru Mungu.

Wakatoka msituni saa moja kasoro. Majike kumi na moja, na nyuma yao dume. Ndugu zangu, picha ni uongo. Shingo yake ilikuwa nyeusi na nene kama gogo, pumzi inamtoka puani kama moshi wa kiwanda. Mita mia na themanini hivi. Niliuegemeza mtutu juu ya begi, bismillahi iko mdomoni, moyo unapiga ngoma ya msewe. Imebaki kuhesabu.

Moja. Mbili. Tatu.

Akainamisha kichwa kula, na pembe ikaingia nyuma ya kichaka. Ya nne ipo au haipo? Nikamsubiri ainuke. Akainuka, akageukia upande wa pili. Moja, mbili... ile ni ncha au ni tawi la mti? Yule binti wa vyuma vya meno angeshamaliza zamani. Nikiwa bado kwenye darubini nikasikia shavu langu la kulia lina joto zuri. Jua. Nikapuliza unga tena, mkono unatetemeka, nao unga ukasimama hewani kidogo, ukafikiri, kisha ukaanza kupanda. Moja kwa moja kwa elki. Sikuwa na la kufanya ila kuusindikiza kwa macho.

Jike la mbele likainua pua. Halikukimbia mara moja, na hilo ndilo lililoniuma. Lilivuta pumzi ndefu. Likavuta tena. Nadhani tangu milima ile iumbwe hakuna elki aliyewahi kuletewa swali kama lile. Kisha likabweka, naam, elki akishtuka hubweka, na kundi zima likageuka kwa pamoja na kupandisha mlima. Matako meupe kumi na mawili yakiruka kwenye jua. Washawnee walijua wanachokisema.

Dume, kabla ya kuingia msituni, alisimama pale juu, akanigeuzia kichwa chote. Nikazihesabu bila shida yoyote. Sita kila upande. Akazama.

Baada ya kama nusu saa akashuka mzee mmoja mwenye kizibao cha machungwa na bunduki begani. Alisimama mbali kidogo, akanusa, akaangalia waridi langu, akagusa kofia na kunisalimu ile salamu ya heshima wanayompa mwanamke. Nikageuka. Akaziona ndevu. Akasema samahani, harufu ilimfikia kule kwenye ukingo wa mlima, akadhani kuna watu wanafanya ibada.

Siku tatu zilizobaki sitazieleza. Jioni ya mwisho nikaandika: "Wote wamekimbia. Wamesikia udi."

"Ule wa kutoka Oman?" Kimya kirefu. "Basi hawajafunzwa. Nimenunua mbuzi kwa Msomali, kilo kumi. Rudi."

Nilifika nyumbani saa tano usiku. Napanda ngazi, begi mgongoni, hema mkononi, waridi linang'aa, na udi, siku nne baadaye, bado upo. Mzee wa Kikongo alikuwa kibarazani. Alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Papa, umerudia? Ile nyumba ya mupya haiko muzuri?"