Wametunyang'anya Msiba

Mwenzenu sina kazi tena. Siyo ya dukani, hiyo ipo. Naendelea kuuza misumari na mabati pale Majengo, na watu wanaendelea kukopa. Nazungumzia kazi yangu ya msibani. Ukoo mzima, kuanzia wa Kibosho mpaka waliohamia Pasua, mtu akifariki simu ya kwanza ilikuwa inakuja kwangu. Mimi ndiye niliyejua ng'ombe atapatikana kwa nani, nani ana masufuria makubwa, na nani asisogezwe karibu na mbege, pombe yetu ya ndizi, kabla ya kuzika. Sijawahi kulipwa hata senti, na sikudai. Heshima yangu ilikuwa pale nyuma ya nyumba, kwenye mafiga, koti nimelifunga kiunoni, nafokea kila mtu hadi walionizidi umri, na wananisikiliza.

Sasa baba mdogo amefariki, Mungu amlaze pema. Nikakaa na simu mkononi tangu alfajiri, nasubiri niitwe. Kimya. Saa sita mchana ukaingia ujumbe kwenye kundi la ukoo: "Wapendwa, kazi yote imekabidhiwa kampuni. Kwenu tunaomba michango tu."

Kampuni! Sisi tunazikana kwenye migomba tangu kabla Wajerumani hawajamnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, mwaka 1900, tulikuwa na kampuni gani?

Nikaona siwezi kukaa. Nikamfuata mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekuwa amefika kutoka Dodoma, tukaenda wote huko kwenye kampuni. Zamani ukitaka jeneza hapa Moshi unakwenda kwenye vibanda vya mafundi seremala, unamkuta fundi na penseli sikioni, mnabishana bei, anakukunjia uso, unaondoka, anakuita, unarudi. Siku hizi ni mlango wa kioo na kiyoyozi. Binti akasimama kwa adabu: "Shikamoo baba. Poleni sana na msiba. Mtatumia maji ya baridi au ya kawaida?" Nimekwenda kununua jeneza naulizwa habari za maji! Na ukishakunywa maji ya watu, bei utabishana kwa mdomo upi?

"Tuna vifurushi vitatu, baba," akasema, anapapasa kishikwambi. "Shira, Mawenzi na Kibo."

Nikajua hapa tunapandishwa mlima, maana hayo ni majina ya vilele vya Kilimanjaro. Shira ni gari, jeneza la kawaida, turubai na viti. Mawenzi unaongezewa mashine ya kushushia jeneza, majani ya bandia ya kuzungushia kaburi ili watu wasione udongo, na mpiga picha. Kibo ndiyo kilele: matarumbeta, wabebaji wenye glavu nyeupe, mshereheshaji, sare, chakula cha bafe, ndege nyuki ya kupiga picha angani, na matangazo ya mubashara kwa walio mbali. Alipotaja bei ya Kibo nikaelewa kwa nini waongozaji wa watalii hupanda na mtungi wa oksijeni. Binti naye, bila haya, akaongeza kwamba unaweza kuchukua Mawenzi halafu ukaazima vitu vya Kibo kimoja kimoja. Hapo ndipo walipotumaliza, maana tuliazima mpaka Mawenzi ikawa ndefu kuliko Kibo.

Nisiwe mnafiki lakini. Gari lao nalipongeza. Mimi nimezaliwa 1971, mwaka ambao hospitali ya KCMC ilifunguliwa, na nimekwenda Dar es Salaam kuchukua marehemu enzi za pikapu na barafu. Zile kilomita mia tano na ushee, ukifika Mombo na jua lile, husali tena kwa ajili ya marehemu, unasali kwa ajili ya barafu. Leo gari lina ubaridi wake, dereva amevaa tai, mwili unafika umetulia. Na ni lazima iwe hivyo, kwa sababu zamani tulikuwa tunazika siku ya pili, leo tunasubiri. Watoto wa baba mdogo ni wanne: Dodoma, Mwanza, Dar, na wa mwisho yuko Minnesota huko Marekani. Mmoja hana likizo, mwingine ana ruhusa ya Ijumaa tu, kwa hiyo lazima mazishi yawe Jumamosi. Huku kijijini wamebaki wazee wenye magoti mabovu na mbwa. Nani atachimba? Nani atapika? Kampuni imeona pengo ikaingia. Hapo siwalaumu.

Nawalaumu kwa picha.

Baba mdogo maishani mwake alikuwa na picha mbili za maana, ya harusi na ya kitambulisho cha NIDA. Ya harusi ilishaliwa na mchwa nusu, ukabaki mkono wa mama mdogo na keki. Basi ikachukuliwa ya NIDA, mnaijua ilivyo, mtu ameambiwa inua kidevu, usicheke, anatazama kwa mshtuko. Kijana wa kampuni akasema msijali, nitaisafisha. Akaisafisha. Akafuta mvi, akafuta mikunjo, akamvalisha suti ya bluu, akamwekea mashavu. Kisha akaichapa kwenye fulana za ukoo mzima. Mama mdogo alipoletewa yake akaitazama sana, akauliza kwa huzuni ya kweli, "Na huyu kijana naye amefariki?"

Kwenye tangazo lenyewe sasa! Sisi tulikua na redio: "Habari ziwafikie fulani wa Kibosho, fulani wa Arusha, na ndugu na jamaa popote walipo." Unasikia jina lako redioni, unalia huku unajisikia mtu. Siku hizi ni picha ya kwenye simu, ina mishumaa na njiwa wawili, na nembo ya kampuni ni kubwa kuliko jina la marehemu. Jirani yangu alidhani baba mdogo amefungua biashara.

Tukaja kwenye michango. Zamani kulikuwa na daftari, na mweka hazina alikuwa binadamu. Ukimwambia "nitaleta," anaandika "ahadi," anakuhurumia, mnaendelea na maisha. Tangu M-Pesa iingie nchini 2008 tulishapoteza ile sababu nzuri ya "nimekosa mtu wa kumpa akuletee." Lakini angalau kulikuwa na aibu ya kudaiana. Kampuni haina aibu. Ina mtambo. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi simu inalia: "Mpendwa, pole kwa msiba. Ahadi yako bado haijakamilika." Mama Happy akaniita pembeni, macho yamemtoka: "Baba Happy, sema ukweli. Umekopa kausha damu?" Na tukishazika, ujumbe bado unaingia. Marehemu amepumzika, deni langu halijapumzika.

Siku yenyewe ikafika. Nikavaa koti langu la msiba, na kwa mazoea nikakunja kamba ndefu nikaiweka mfukoni. Kamba ya manila, nzuri, ya dukani kwangu. Vijana wakanicheka: "Mjomba, kuna mashine." Nikanyamaza.

Nikakwenda nyuma ya nyumba kutafuta mafiga. Hakuna moshi, hakuna sufuria, hakuna wa kufokewa. Kuna gari la chakula na wasichana wenye kofia za karatasi. Nikauliza, jamani nisaidie nini? Kijana mwenye kipaza sauti cha sikioni akanishika bega: "Baba, wewe leo ni mgeni wetu. Kaa upumzike." Mgeni! Kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo, alichozaliwa baba yangu!

Ratiba ilikuwa ya dakika. Ndugu, mnatujua. Kwetu msiba bila hotuba ni ziara tu. Anaongea mwakilishi wa ukoo, wa upande wa mama, wa jumuiya, wa chama cha ushirika, wa majirani, wa wakwe, na yule ambaye hakuna anayejua anawakilisha nani ila anaongea kila msiba. Kampuni ikatoa dakika tatu kwa kila mtu, zikiisha tu matarumbeta yanapiga. Mzee wetu wa ukoo akasimama, akaanza na babu wa babu alivyoteremka mlimani na mbuzi. Dakika tatu zikaisha babu hata mto hajavuka. Matarumbeta yakalia. Mzee akadhani anapongezwa. Akainua fimbo juu, akaongeza sauti. Wakapiga kwa nguvu zaidi, naye akaongeza zaidi. Mshereheshaji alikuwa anatoka jasho. Nasema wazi, hiyo ndiyo hotuba tamu kuliko zote nilizowahi kusikia msibani, na babu hatimaye akavuka mto.

Mubashara nao. Ibada yetu ya saa nane mchana huko Minnesota ni alfajiri, na yule binti wa mwisho hakupata karatasi za kusafiria kwa wakati, kwa hiyo alikuwa anatazama na wenzake. Hilo nalielewa, mtoto ana haki ya kumuona baba yake akizikwa. Lakini mpiga picha! Shangazi yangu alilia kilio kile cha kutoka tumboni, kijana akamsogelea taratibu: "Mama samahani, unaweza kurudia kidogo? Nilikuwa sijawasha." Na shangazi, jamani, akarudia. Ya pili ilikuwa nzuri zaidi.

Wakatundika na skrini kubwa chini ya turubai ili waliokaa nyuma waone. Kwenye skrini unaona jeneza, halafu vimioyo vyekundu vinapanda juu, na maoni ya watu yanapita: "Sauti hamna." "Huyo wa kitenge cha kijani ni nani?" "Geuza kamera kushoto tumuone mjomba." Padre yuko kwenye maneno ya ufufuko, pale juu ya kichwa chake anapita mtu anauza dawa ya kupunguza kitambi. Nikawaona wazee watatu wananakili namba.

Ndege nyuki sitaisema sana. Ilipopaa tu, kuku wa jirani wakadhani mwewe, wakaingia wote chini ya viti vya wageni wa heshima.

Tukafika kaburini. Wachimbaji wa kampuni walikuwa wamevaa vizibao vinavyong'aa kama mafundi wa barabara ya Himo. Kazi safi, sikatai. Wamejengea kwa tofali na pembeni marumaru zimeshapangwa zinasubiri kupigwa juu. Mimi napiga hesabu kimoyomoyo. Kihamba chenyewe kimegawanywa mpaka kimekuwa kitambaa, kila tukizika tunaweka marumaru za chumba kizima, na marumaru hazizai ndizi. Wajukuu watarithi sakafu.

Jeneza likawekwa juu ya mikanda ya ile mashine. Kijana akafungua kitu fulani, likaanza kushuka polepole, matarumbeta yanalia, hata mimi koo likanibana. Likafika katikati. Likasimama. Upande wa kichwa umeshuka, wa miguuni umegoma. Kijana akagusa huku, akagusa kule, anatabasamu: "Ipo sawa, ipo sawa." Mama mdogo akashika kichwa. Padre akarudia sala aliyokwisha kuisali. Kwenye skrini mtu akaandika, "Mtandao umekwama?"

Nikatoa kamba.

Sikusema neno. Nikamrushia ncha moja binamu wa Mwanza, nyingine mtoto wa Dodoma, nikafunga koti kiunoni, nikafoka: "Wewe shika huku! Wewe usivute, legeza! Legeza nimesema!" Wakanisikiliza wote, hadi yule kijana mwenye tai. Baba mdogo akateremka taratibu akalala vizuri. Kwa dakika zile mbili nilikuwa mtu tena. Video ya kumbukumbu tuliyotumiwa baadaye, yenye muziki na mawingu yanayopita juu ya Kibo, hicho kipande hakimo. Jeneza linaanza kushuka, halafu ghafla ni maua.

Chakula nimalizie haraka maana bado kinaniuma. Machalari yalikuwepo, yameandikwa "ndizi nyama." Msichana ana glavu na kijiko chake cha kupimia, nyama unahesabiwa. Nikala, nikarudi na sahani, akanitazama kwa upole: "Baba, wewe umeshapita." Mtu anaambiwa ameshapita, Kibosho, kwenye msiba wa baba yake mdogo! Mbege yenyewe imejazwa kwenye vichupa vya maji, kila mtu na chake, kata ya kuzungushana hamna. Ugomvi wa ukoo utaanzia wapi?

Nikarudi nyumbani jioni nimenuna. Nikamwambia Mama Happy, nisikilize na uandike: mimi siku yangu ikifika sitaki kampuni, sitaki skrini, sitaki kijana wa kunifuta mvi. Mafiga, sufuria na kamba basi.

Akaendelea kuchambua maharage. "Umechelewa, Baba Happy. Watoto walishatuandikisha. Wanalipa kidogo kidogo kila mwezi."

"Wametuandikisha? Na uzima wetu huu?"

"Mimi na wewe. Walisema wasije wakahangaika."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikakaa sana. Kisha nikauliza, kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu ambaye haimhusu: "Kifurushi gani?"

"Mimi wameniandikia Kibo."

"Na mimi?"

Akapeta maharage mara mbili nzima kabla hajajibu. "Shira."

Shira! Turubai na viti! Mtu niliyelisha misiba ya ukoo huu tangu hawa watoto hawajajua kunawa! Hata hicho kimashine kibovu cha kukwama sipewi? Hata tarumbeta moja la kunikatiza wasifu? Kesho wateja wa mabati mnisamehe, duka litachelewa kufunguliwa. Saa mbili asubuhi nitakuwa pale kwenye kiyoyozi, na safari hii maji yao sinywi, mpaka nijue kutoka Shira kwenda Mawenzi mtu anaongeza shilingi ngapi.