Ami Yuko Mombasa

Ukitaka kujua fundi wa fremu yuko wapi, usimpigie simu. Kwenye simu atakuambia yuko njiani, na punda akilia nyuma yake atakuambia ni honi. Wewe tazama picha ya fremu aliyoiweka kwenye stetasi ya WhatsApp, ivute kwa vidole viwili, uchungulie ndani ya kioo. Yumo.

Mimi nina kijiduka cha picha za pasipoti na fotokopi hapa Langoni, Lamu, jirani na karakana ya Ami. Si ami yangu wa damu. Ni ami wa mtaa mzima. Fremu zake anazitengeneza kwa mbao za majahazi yaliyokwisha kazi, zile zilizopakwa rangi miaka na miaka, bluu juu ya kijani juu ya nyekundu, ukizipiga msasa kidogo rangi zote zinachomoza pamoja. Wageni wanazipenda kufa. Mji wetu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kila anayekuja anataka kuondoka na kipande chake. Mlango wa nakshi hauingii kwenye begi. Fremu inaingia.

Shida ilikuwa picha. Mteja aliyekwisha kurudi kwao Uholanzi anataka aione kazi kabla hajatuma hela, na Ami alikuwa akimtumia picha ambayo fremu imelala upande kama tanga, nusu yake imemezwa na mwale mweupe wa kioo, na pembeni kuna kidole. Kidole cha Ami kimetembea Ulaya kuliko sisi sote.

Basi siku moja baada ya alasiri akaniita nikawafundishe. Darasa lilikuwa barazani kwake: Ami mwenyewe, mafundi wenzake wawili kutoka Mkomani, na kijana wa msasa. Huyu kijana kazi yake ni kusugua mbao, na kwenye mbao ni mzito ajabu, lakini mpe simu uone vidole vinavyokimbia.

Nikaanza na lenzi. Watu husema simu ghali ndiyo inayopiga picha nzuri. Uongo. Lenzi ya simu ya fundi wa fremu ina gundi, vanishi na unga wa mbao. Ifute kwanza kwa kitambaa safi, ndipo uilaumu. Halafu nikawaambia wasiisogeze simu karibu na fremu, maana lenzi ya simu ni pana, na kwa karibu inaivimbisha fremu tumbo. Fundi umekata pembe zako kwa digrii 45 kamili, picha inakutangaza hujui kushika msumeno. Rudi nyuma, ikuze picha mara mbili, simu iwe usawa wa katikati ya fremu, isiinamie juu wala chini.

Kurudi nyuma ni rahisi kwa anayefundisha kwenye kiwanja. Kichochoro chetu ukinyosha mikono unagusa nyumba mbili. Fundi mmoja wa Mkomani alirudi nyuma, akarudi, akarudi, hadi akatokea ndani ya daka la mlango wa jirani, akaulizwa habari za nyumbani, akaletewa kahawa, na somo likasimama mpaka alipoimaliza.

Tukafika kwenye kioo, ambacho ndicho somo lenyewe. Nuru ikipiga kioo inarudi kwa pembe ile ile iliyoingilia. Ikija kutoka mbele, inakurudia usoni. Ikija kutoka ubavuni, inapita kwenda zake upande wa pili na kukuacha salama. Na hapa tumebarikiwa, kwa kuwa kuta ndefu za vichochoro zinalizuia jua isipokuwa mchana kati, nuru inayobaki ni tulivu, haina kivuli kikali. Wapiga picha wa Nairobi wananunua taa na miavuli myeupe kuitafuta nuru hiyo. Sisi tunawamwagia punda bure. Na mwenye haraka, nikasema, apige picha kabla hajatia kioo.

"Haiwezekani," Ami akasema. "Mteja amelipia kioo. Akione."

Nilikuwa bado naeleza kwamba kioo kinaonyesha kila kilicho mbele yake, pamoja na mpiga picha na jamaa zake, kumbe kijana wa msasa ameshapiga, ameshaandika "Kazi mpya! Karibuni wateja," na ameshaiweka kwenye stetasi ya karakana.

Hapa lazima nimtaje Nahodha. Nahodha alileta picha ya marehemu baba yake itiwe fremu kubwa, itundikwe ukumbini kabla ya Maulidi, maana wakati wa Maulidi nyumba yake inajaa wageni wanaokwenda msikiti wa Riyadha. Ami akapokea malipo ya mwanzo. Kisha kioo kikaanza kusafiri. Kwanza kilikuwa Mombasa. Kikafika Malindi, kikakwama Garsen, kikaonekana Mokowe kinangoja boti, halafu kwa sababu anazozijua Ami kikarudi tena Mombasa. Asubuhi ya siku ile Nahodha alipopiga simu, Ami alimwambia kwa huzuni kwamba amechoka na watu wa mizigo, amepanda basi yeye mwenyewe, yuko Mombasa sasa hivi, kioo kiko mbele ya macho yake. Punda akalia.

"Mombasa hiyo ina punda?" Nahodha akauliza.

"Wa mkokoteni, Nahodha. Wa mkokoteni."

Sasa stetasi haijakaa hata muda wa kumeza mate, simu ya karakana ikatetemeka. Nahodha amerudisha picha yetu, na juu yake amechora duara jekundu. Nikaivuta. Ndani ya duara, ndani ya kioo, alikuwa Ami: fulana ya mikono mifupi yenye tundu begani, kikoi kimepandishwa magotini, shavu moja limejaa kaimati, na mkononi kaimati nyingine inadondosha shira kwenye kidole gumba. Nyuma yake, imeegemezwa ukutani, fremu ya Nahodha haina kioo, na juu ya hadibodi yake paka amejikunja amelala. Chini ya picha Nahodha ameandika: "Naona Mombasa wamekupokea vizuri."

Ami akavaa miwani, akatazama. Akavua miwani, akatazama.

"Huyu nani?"

Hakuna aliyemjibu. Paka naye akaamka akajinyosha, kama kwamba ameitwa kutoa ushahidi.

Nahodha hakuwa mbali. Alikuwa pale pwani kwenye boti yake. Tulimsikia anakuja kabla hatujamwona, maana alikuwa akisalimu watu njia nzima kwa sauti ya mtu aliyefurahi sana, na Nahodha akifurahi namna ile ni wa kuogopwa. Alipofika hakugomba. Akavua viatu, akapanda barazani, akaivuta sahani, akaanza kula kaimati zilizobaki.

"Mimi nangoja kioo," akasema. "Nikiondoka hapa bila fremu, naondoka na paka."

Kioo kikatoka chini ya meza. Safari yake yote kutoka Mombasa ilikuwa dhiraa mbili. Ami akakiweka juu ya blanketi, akapitisha almasi ya kukatia mara moja tu bila kuinua mkono, akakigonga kwa chini, kikakatika kwa sauti ndogo safi, na wote tukanyamaza kwa heshima. Mwongo, lakini fundi. Kabla ya sahani kwisha fremu ilikuwa tayari.

Nahodha akataka ipigwe picha ya kupelekea jamaa. Nami nikaona somo limejileta lenyewe, maana picha ya mzee ilikuwa ya zamani, nyeusi sehemu kubwa, na picha ikiwa na weusi mwingi kioo chake kinakuonyesha mpaka mvi zako. Dawa yake ni kitambaa cheusi kikubwa: mpiga picha ajifiche nyuma yake, lenzi tu ichungulie, kioo kikose cha kuonyesha isipokuwa giza. Karakana nzima haikuwa na kitambaa cheusi. Mke wa Ami akatoa buibui lake kuukuu kupitia dirishani, kwa sharti moja: lisitobolewe.

Halikutobolewa. Ami alilivaa.

Alilivaa lote, akaziba uso, na pale pa kutokea macho ikatokea simu. Kwa chini zikabaki pima nzuri za miguu yenye manyoya na ndara za rangi mbili tofauti. Akasimama katikati ya kichochoro akiikabili picha ya marehemu, anayumba kushoto na kulia kutafuta usawa, na kwa sauti yake nzito anamwambia kijana aliyeshika fremu: "Inamisha kidogo. Kidogo! Hapo hapo, usipumue." Kina mama wawili wakakunja kona wakitoka arusini. Waliona mtu mrefu wa buibui anamkataza marehemu asipumue. Mmoja, mwenye adabu zake, akatoa salamu: "Masalkheri, shoga."

"Masalkheri," Ami akajibu kwa besi.

Ukelele uliotoka nadhani ulisikika Shela. Nyuma yao kulikuwa na punda aliyebeba mchanga. Akapanda miguu ya mbele, akagoma, na nyuma yake akagoma wa pili, na wa tatu, wenye punda wanapiga kelele kuuliza mbele kuna nini, na jibu lililokuwa likirudishwa nyuma mtu kwa mtu lilikuwa linanenepa kila lilipopita. Kona ya mwisho ilipata habari kwamba mke wa Ami amemshika mke mwingine.

Lakini picha! Picha ilitoka nyeusi ya kweli, kioo hakionekani kama kipo, mzee wa watu amekaa ndani yake utadhani atakuitikia salamu. Hata Nahodha alisema "ahsante," neno ambalo bei yake anaijua.

Kilichobaki kilikuwa kuisafisha. Tukaifungua kwenye Snapseed, programu ya bure isiyochosha simu. Nikawaonyesha kuinyosha kwa kuivuta pembe, kuikata ziada, kuirudisha rangi, kwa kuwa mlango wa jirani umepakwa bluu na ulikuwa umempaka na mzee. Mwisho nikawaonyesha kile kitufe chenye alama ya plasta. Hiki kinafuta madoa, nikasema: vumbi, mkwaruzo, mavi ya inzi. Gusa mara moja, kimekwenda. Adhana ya magharibi ikatoka. Tukaenda kusali, na kijana akasema anakuja.

Hakuja. Tuliporudi tulimkuta anang'aa kwa furaha. Amesafisha kila kitu, na ameshaituma kwenye grupu la ukoo wa Nahodha.

Marehemu alikuwa na sijida. Wanaomkumbuka watakuambia ndiyo waliyoiona kwanza kabla ya uso wake: alama nyeusi katikati ya paji, ya mtu aliyeuweka uso wake chini mara tano kwa siku toka utotoni. Kijana aliigusa mara moja. Alidhani ni mavi ya inzi.

Nahodha akaiweka simu juu ya benchi, sauti juu, tukasikiliza ujumbe mmoja baada ya mwingine. Dada yake wa Mombasa anauliza baba amefanywa nini usoni. Mwingine analia tu. Shangazi wa Pate ndiye aliyesema kwa kirefu: "Miaka sitini ya sijida! Imefutwa na kidole cha mtoto asiyeamka alfajiri!" Jinsi alivyojua kijana haamki alfajiri mimi sijui, lakini ni kweli.

Kijana kwa kutaka kuokoa jahazi akaichora upya kwa brashi. Ya kwanza ikatua kwenye nyusi. Ya pili ikawa pana, mzee akaonekana amegonga mlingoti. Nikamnyang'anya simu, nikabonyeza mshale wa kurudi nyuma, na sijida ikarudi pale pale ilipokuwa. Tukaituma hiyo. Shangazi wa Pate akaitazama sana, kisha akaleta ujumbe kwamba hadanganyiki, hii ya pili ndiyo ya kuchorwa.

Nahodha aliondoka na fremu yake kwapani. Hela iliyobaki, alisema, iko njiani. Imekwama Garsen.

Asubuhi yake nilikuwa barazani kwa Ami alipokuja bibi mmoja wa makamo, kabeba kitu kimefungwa kwenye leso. Akapiga hodi, akakaa, akauliza hali ya mke wa Ami kwa namna ya mtu aliyesikia mengi. Ndipo akafungua: fremu ya zamani, picha ya studio, bwana katikati kwenye kiti, yeye kulia, na mwanamke mwingine kushoto.

"Nimesikia hapa munafuta."

"Tunafuta vumbi, bibi," nikasema.

Akaweka kidole juu ya mwanamke wa kushoto. "Basi vumbi langu ni hili. Mke mwenza."

Ami akavaa miwani, akaitazama picha, akanitazama mimi. "Mwalimu, kumfuta mtu mzima ni bei gani?"

Kijana wa msasa alikuwa ameshatoa simu. "Na bwana tumwache?"

Bibi akafikiri.

"Mwacheni. Ila mumpunguze tumbo."